Pete Kumi na Moja

"Ilikuwa hapa," Tecla Chepngetich alisema kwa mara ya nne, akigonga meza kwa kidole. "Saa saba kasorobo nimeiacha hapa. Saa nane kasoro dakika kumi narudi, haiko."

Inspekta Abigael Mongina aliitazama meza hiyo. Ilikuwa nyeupe, safi kuliko sahani za nyumbani kwake, na juu yake hapakuwa na kitu ila waya mweusi wa umeme. Mwizi hakuuvuta wala hakuukata. Alikuwa ameuchomoa taratibu, akauzungusha mara mbili, akauweka kando.

"Nieleze tena kilichoibiwa," Mongina alisema. "Na unieleze kama mtu ambaye kompyuta yake ni ya kuandikia ripoti, basi."

Tecla alivuta pumzi. Alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, macho yamemvimba kwa kulia.

"Ni diski kuu. Ile sehemu ya kompyuta inayoweka kumbukumbu. Kasha la chuma, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo cha kanisani. Ndani kuna sahani za kioo, nyembamba, zimepangwa moja juu ya nyingine, zinazunguka mbio. Kati ya sahani na sahani kuna pete ya chuma ya kuzitenganisha. Halafu kuna mikono midogo inayoingia hapo katikati kusoma na kuandika."

"Na hii yako ina nini ya kumfanya mtu aiibe?"

"Ina sahani nyingi zaidi, na kasha ni lile lile. Kampuni moja ya nje ilitupatia kasha la sahani kumi ikauliza nani ataingiza kumi na mbili bila kuongeza kimo hata kidogo. Nimepunguza unene wa mikono. Nimepunguza pete. Miaka mitatu, inspekta. Tulianza timu tisa, tumebaki mbili."

"Wataiona lini?"

"Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wahandisi wao wanakuja hapa hapa Kericho." Leo ilikuwa Jumanne. "Wasipoiona ikizunguka, kazi inaenda kwa ile timu ingine, na mimi nafunga mlango. Na siwezi kuunda ingine. Sahani walizonitumia ni zile kumi na mbili tu."

"Ilikuwa inafanya kazi?"

"Nilikuwa niiwashe mara ya kwanza leo, saa nane kamili."

Mongina aliandika: saa nane. Kisha akapiga mstari chini yake, ingawa hakujua bado kwa nini.

Alikuwa Mkisii, mwaka wa saba sasa akifanya upelelezi Kericho, na bado wenyeji walimuuliza anarudi kwao lini. Hilo alilizoea. Kilichomsumbua ni tumbo. Daktari alikuwa amemkataza chai, na kumkatalia mtu chai katika nchi ile ni kama kumtemea mate. Kwa hiyo katika kila nyumba aliyoingia kuhoji watu, alipewa kikombe, akakishika mpaka kikapoa, akakirudisha mezani kwa aibu. Hapa alikuwa tayari ameshapewa viwili.

Alitembea polepole akilikagua eneo la tukio. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la kupokelea majani ya chai. Ndani yake Tecla alikuwa amejenga chumba kidogo cha kioo, mle mlimokuwa ile meza nyeupe, kwa sababu punje moja ya vumbi ikiingia kwenye diski, kazi yote imekwisha. Kuingia humo kulikuwa na taratibu zake: unavua viatu, unavaa ndara za plastiki, joho jeupe, kofia na glavu, unasimama mbele ya feni kubwa mpaka ikupepete vizuri.

"Glavu," Mongina alimwambia Konstebo Kipkirui, msaidizi wake. "Alama za vidole usisumbuke nazo."

"Ndiyo, afande."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na Ndung'u, mshirika wangu," Tecla alisema. "Zipo mbili tu."

"Wako ulikuwa wapi saa ya chakula?"

Tecla alitazama chini. "Kwa koti langu. Koti liko kwa msumari, pale nje."

"Haya. Basi funguo ni mbili, na mmoja ni wa kila mtu."

Ukutani mwa chumba cha kioo palikuwa na kisanduku chenye taa ndogo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vumbi hewani, dakika baada ya dakika, na kuweka rekodi. Mongina alikipenda mara moja. Shahidi asiye na shemeji wala jirani humpati kila siku.

"Kinasema nini?"

Tecla alibonyeza. "Saa saba na dakika kumi na mbili mtu ameingia. Ametoka baada ya dakika nne. Vumbi, themanini na nne."

"Hiyo ni nyingi?"

"Ni kidogo sana! Mimi mwenyewe nikiingia inafika tisini. Ndung'u akiingia inapita elfu mbili, kwa sababu hana subira ya kusimama kwa feni."

"Basi huyu alisimama."

"Alisimama vizuri kuliko mimi."

Mwizi mwenye adabu zake. Mongina alitazama meza ya nje. Kompyuta ya Tecla ilikuwa pale, wazi. Simu ilikuwa pale, inachajiwa.

"Michoro yako yote iko ndani ya hiyo kompyuta?"

"Yote."

"Na hakuigusa." Mongina aliguna. Mwizi wa maarifa angebeba kompyuta. Mwizi wa vitu angebeba simu. Huyu alichukua kasha moja tu, na mfuko wake wa kulikinga na umeme, akaenda zake.

Mlangoni aliona zile ndara za plastiki zimepangwa jozi tatu, vidole vimeelekea ukutani, visigino nje. Alizipiga picha kwa sababu alipiga picha kila kitu.

Wakati huo huo Steve Ndung'u aliingia, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa miaka hamsini na kitu. Babu yake alihamia Kericho kutoka Murang'a, naye alizaliwa hapo hapo mjini. Jengo lilikuwa lake, na tangu mwanzo ndiye aliyesimama na Tecla.

"Nimesikia," alisema. "Aki, Tecla, pole sana."

"Bwana Ndung'u," Mongina alisema, "saa saba hadi saa nane ulikuwa wapi?"

"Mimi? Benki."

"Benki gani?"

"Ile ya... ile ya barabara ya chini."

"Ulihudumiwa na nani?"

"Foleni ilikuwa refu. Nikatoka."

"Ukaenda wapi?"

"Nikarudi."

"Ukarudi hapa?"

"Hapana, nikarudi... nilikuwa tu huko."

"Toa kofia, bwana Ndung'u. Uko ndani ya nyumba."

"Madam, kuna baridi."

Jasho lilikuwa linamtiririka shavuni. Tecla alimwangalia mshirika wake, na Mongina akaona kitu kibaya kikiingia katika macho ya yule msichana. Alikuwa ameanza kumshuku.

"Tutaongea kituoni," Mongina alisema.

Nje watu walikuwa wamejaa, kama wanavyojaa gari la polisi linapoegeshwa popote. Ndung'u alipopandishwa, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Si nilisema? Huyo si wa hapa." Mongina aligeuka akamtazama msemaji mpaka akanyamaza. Yeye naye hakuwa wa hapa, na maneno hayo aliyajua yanavyouma.

Kituoni, mvua ya alasiri ikipiga mabati, Ndung'u alikaa mbele ya meza akiishikilia kofia yake kichwani kwa mikono miwili.

"Nimepiga simu benki," Mongina alisema. "Hukufika."

Ndung'u aliivuta kofia chini zaidi.

"Ufunguo wako uko wapi?"

Aliutoa mfukoni, akauweka mezani.

"Bwana Ndung'u, msichana wa watu anapoteza miaka mitatu. Kama unayo, sema sasa. Kama huna, sema ulikokuwa."

"Mkicheka?"

"Hapa hatucheki."

Ndung'u alivua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeusi ti, nyeusi kupita nywele za mtu yeyote aliye hai, na rangi ilikuwa imemchuruzika ikakauka nyuma ya masikio na kwenye kola ya shati.

"Nilikuwa Kapsoit," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa kinyozi. Hapa mjini kila mtu ananijua, wangenicheka. Alhamisi wageni wanakuja, nikasema wasikute mzee wa mvi wakadhani Tecla amekosa watu. Huyo kijana akaniwekea nyingi. Nikioga haitoki."

Konstebo Kipkirui aliinuka ghafla akaenda dirishani kutazama mvua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kinyozi alipatikana kwa simu. Ndiyo, mzee alikuwa pale tangu saa sita na nusu mpaka saa nane na robo, na tena alikuwa msumbufu. Mongina alifunga faili akacheka sasa waziwazi, na Ndung'u mwenyewe akaishia kucheka, kicheko cha mtu aliyechomolewa mwiba.

Kabla mchana haujaisha, inspekta alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono mbele ya watu wote. "Bwana Ndung'u ametusaidia sana," alisema kwa sauti. "Asante, bwana Ndung'u." Hiyo haikuondoa ile safari ya gari la polisi, lakini ndiyo fidia aliyokuwa nayo.

*

Jumatano asubuhi Mongina alirudi kwenye jengo. Ilibaki siku moja. Tecla alikuwa amekaa nje ya chumba cha kioo, na Ndung'u kando yake, bila kofia, nywele zinang'aa. Walikuwa wameshaombana msamaha.

"Nataka muingie na kutoka," Mongina alisema. "Kila mmoja, kama siku zote. Mimi natazama tu."

Tecla aliingia, akatoka. Akavua ndara, moja huku, moja kule. Ndung'u aliingia, kisanduku kikaruka mpaka elfu mbili na mia tatu, akatoka. Akazitupa zake chini ya benchi bila kuangalia. Mongina alitoa simu yake akaitazama ile picha ya jana.

"Nani alizipanga hivi?"

"Mimi sipangi," Tecla alisema.

"Mimi ndiyo kabisa," Ndung'u alisema.

Kipkirui alichungulia picha juu ya bega la bosi wake. "Hii ni ya kiwanda, afande."

"Kiwanda gani?"

"Cha chai. Mama yangu alifanya kazi kiwandani. Gambuti zinapangwa mlangoni, vidole kwa ukuta, visigino kwako. Ukiweka vinginevyo, msimamizi anazipiga teke mpaka nje. Hata nyumbani kwetu viatu vyote vilitazama ukuta. Ukisahau, unalala na njaa."

Mongina aligeuka haraka. "Tecla. Nani anayekuja hapa aliwahi kufanya kazi kwa kiwanda cha chai?"

Tecla aliitazama tena ile picha.

"Hapana," alisema hatimaye. "Huyo hapana."

"Sijamtaja mtu."

"Ni baba."

"Umeniambia baba yako alifariki."

"Ni wa rika lake. Walitiwa jandoni msimu mmoja. Kwetu sisi, rika la baba ni baba. Mzee Bethwel, wa Sigowet. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akinoa rola za kusagia chai. Meno ya zile rola ni madogo hivi, na yeye alikuwa anayakata hata bila miwani. Ndiye aliyenikatia pete."

"Zile za kutenganisha sahani?"

"Zote kumi na moja. Ndung'u alitaka tuzipeleke Nairobi zikatwe na mashine ya kompyuta. Nikakataa. Nikasema, tutaenda Nairobi kutafuta nini na baba yuko?"

"Kweli alisema hivyo," Ndung'u aliitikia. "Mbele ya mzee mwenyewe."

"Alipozileta, ulizipima?"

Tecla aligeuka kutazama chumba cha kioo.

"Nauliza hivi, mhandisi: hizo pete, wewe, kwa kipimo chako, ulizipima?"

"Alikuja nazo zimepimwa. Aliandika kwa kadi, moja moja, kwa mkono wake." Sauti ilikuwa inapungua. "Inspekta, huwezi kumpima mzee wa rika la baba yako. Akikupa kitu kwa mikono miwili, halafu wewe unatoa kipimo mbele yake? Hilo ni tusi."

"Hiyo kadi iko wapi?"

"Iko kwa mkebe wa pete, kwa rafu, ndani ya kile..." Aliinuka. Alivaa harakaharaka, akaingia, akafungua mkebe. Walimwona kupitia kioo akiugeuza chini juu. Hakikutoka kitu.

*

Nyumba ya Mzee Bethwel ilikuwa juu kidogo ya soko la Sigowet, karakana nyuma yake, mahindi upande mmoja na chai upande mwingine. Njia nzima Tecla alitazama dirishani. Mara moja tu aliuliza, "Kama ameiuza?" Mongina akamjibu kweli: "Sijui."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake ya kukereza vyuma, amevaa koti la Jumapili na kufunga vifungo vyote.

"Chamgei," Kipkirui alisalimu.

"Chamgei mising." Mzee hakusimama. "Nilijua mtakuja. Nilidhani ni jana."

"Mzee, naitwa Inspekta Mongina."

"Nakujua. Wewe ndiye yule Mkisii hanywi chai."

Mongina alikubali pigo hilo bila kulijibu. "Ile diski iko wapi?"

"Iko salama."

"Sijauliza iko vipi. Nimeuliza iko wapi."

Mzee alinyoosha mkono kwenye sanduku la mbao. Kipkirui akalifungua. Ndani palikuwa na blanketi mpya, ndani ya blanketi sufuria mpya, kifuniko chake kimezungushiwa utepe wa gundi. Ndani ya sufuria, katika mfuko wake wa rangi ya fedha, lilikuwa kasha. Tecla alitoa sauti kama ya mtu aliyeungua, akalichukua, akaligeuza, akatazama skrubu moja moja.

"Umeifungua?" Mongina aliuliza.

"Mimi? Kwa vumbi hii?" Mzee alikasirika kwelikweli. "Unaniona mjinga?"

"Haijafunguliwa," Tecla alisema. "Iko sawa. Mungu wangu, iko sawa."

"Mzee, ulilipwa na nani?"

"Kulipwa?"

"Na ile timu nyingine."

"Mama, usinitukane kwangu."

"Basi sema kwa nini uliichukua."

Mzee alimtazama Tecla aliyesimama mlangoni. "Huyo atoke kwanza."

"Huyo ndiye mwenye mali. Hatoki."

Kuku mmoja aliingia karakanani, akatazama watu, akatoka. Mzee Bethwel aliingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa leso, akaikunjua juu ya goti. Ndani yake palikuwa na pete moja ya chuma, nyembamba, inang'aa.

"Nilikata kumi na mbili," alisema. "Kumi na moja nikampelekea. Hii nikabaki nayo ya kuonyesha watu."

"Endelea."

"Jumanne asubuhi jirani amekuja. Nikasema, njoo uone kazi. Huyu mtoto alininunulia kipimo kipya, kile cha namba za taa, mimi nilikuwa nakiweka tu kwa kabati. Pete zote nilipima na kile changu cha zamani cha rola, hakisomi kitu kidogo sana. Siku hiyo nikatoa kile kipya nijigambe. Nikapima."

"Ikasomaje?"

"Imezidi. Nusu ya unywele."

"Nusu ya unywele ni kitu, mzee?" Kipkirui aliuliza.

Tecla ndiye aliyejibu, polepole, kama anayeliona jambo lenyewe. "Moja si kitu. Lakini zinapandana. Mikono yangu imekaa kama meno ya kitana, kila mkono na nafasi yake. Pete ya kwanza inasukuma sahani juu nusu ya unywele, ya pili inaongeza yake, ya tatu yake. Ukifika sahani ya kumi na mbili, iko juu ya mahali pake theluthi ya milimita. Inagusa mkono." Alimeza mate. "Ningeiwasha saa nane, ingekwaruzwa. Vumbi la kioo lingeruka kwa zingine. Zingeenda zote."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote."

Mongina alikumbuka ule mstari aliopiga chini ya saa nane.

"Mzee," alisema kwa upole zaidi, "wanasema mkono wako haujawahi kukosea."

"Haukukosea. Ulifanya vile unafanya siku zote." Mzee aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kama wa mtu mwingine. "Rola ya chai haitoki kwa mashine ikiwa kamili. Inaenda kusaga majani usiku na mchana, inalika. Kwa hivyo fundi anaiachia kidogo, ya kuliwa. Hakuna mtu anakuambia. Mkono unajua. Miaka thelathini na mmoja naacha ya kuliwa. Kwa hii pete hakuna kitu ya kukula. Nilijua kwa kichwa. Mkono hakuna mtu aliuambia."

"Na kwa nini wewe hukumwambia Tecla?"

"Nilienda kumwambia! Nilichukua pikipiki hapo hapo. Njia yote natengeneza maneno. Nikafika, hakuna mtu. Natazama kwa kioo, naona kasha limefungwa, waya umechomekwa. Kimebaki kidole kimoja tu cha kuwasha." Aliikunja leso juu ya pete. "Niandike barua? Niandike nini? Jumapili kanisa lote lilisimama likaombea hii mikono. Huyu alikataa Nairobi kwa sababu yangu. Mzazi anaanza wapi kumwambia mtoto nimekuharibia? Nikasema, wacha nichukue ufunguo kwa koti lake, niiondoe isiwashwe. Nikate zingine. Halafu nitafute maneno."

"Na ile kadi?"

"Nilikuwa nimeandika uongo kwa kadi. Sikuwa najua, lakini ni uongo na jina langu liko hapo."

"Pete mpya umekata?"

Alitoa mkebe chini ya mashine. "Jana hiyo hiyo, kabla ya jua kuingia. Nimepima na kile kipya, kila moja mara tatu. Pete nilipata. Maneno bado."

Hapo Tecla alilipuka. "Baba, unajua umenifanya nini? Siku mbili nimekufa! Ndung'u amebebwa na gari ya polisi, mji mzima unatazama, mpaka na mimi nikaamini ni yeye! Ndung'u!"

Mzee aliinua uso. "Ndung'u alishikwa?"

"Kwa sababu yako!"

Alikaa akiwa ameshangaa kabisa. Mambo yote aliyapima, hilo hakulipima. Kisha aliinuka kutoka kigodani, akasimama mbele ya mtoto wa mwenzake wa rika, mikono imelegea ubavuni.

"Nimekosea, mwanangu," alisema. "Pete nilikosea. Kuiba nilikosea. Kunyamaza ndiyo nilikosea zaidi."

Tecla alikuwa ameshika kasha kifuani kama mtoto mchanga. Mongina alidhani atalia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, chenye machozi ndani.

"Kipimo kilikuwa mezani kwangu," alisema. "Hapo tu, baba. Ningepima moja, moja tu, ningejua. Nilikuheshimu karibu nijimalize."

Mzee alinyoosha mikono yake miwili kwa Kipkirui, viganja juu. "Haya, weka pingu."

"Za nini?" Mongina alisema.

"Mtu akiiba anashtakiwa. Mimi si mtoto."

"Mwizi ni yule anachukua akiwa hana nia ya kurudisha. Wewe umenunua blanketi na sufuria. Nikikupeleka kortini na sufuria mpya kama kielelezo, hakimu atanifukuza mimi." Alifunga daftari. "Nitaandika mali imepatikana, mlalamishi hataki kuendelea. Au wataka, Tecla?"

"Sitaki."

"Lakini yale maneno, mzee, sasa umeyapata. Kuna mtu mwingine mjini anastahili kuyasikia. Panda gari."

*

Mzee aliyasema. Mlangoni mwa jengo, kofia mkononi, bila kuzungukazunguka. Ndung'u alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," alisema, "mimi ndiye niliyetaka mashine ya Nairobi. Lakini mashine ya Nairobi ikikosea haitapanda pikipiki kuja kuniambia." Akampa mkono. "Ila siku ingine upitie kwangu kwanza. Hiyo gari ya polisi viti vyake ni vigumu, wacha tu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Walikuwa wamekibana tangu jana.

Tecla alivaa joho. Mlangoni mwa chumba cha kioo alisita, mkebe wa pete mpya mkononi, akamtazama mzee, akatazama kipimo mezani. Mongina alijua anachofikiri. Kila mtu alijua.

"Pima," Mzee Bethwel alisema.

"Baba..."

"Pima, mwanangu. Zote. Na usome kwa sauti, hawa wasikie."

Akapima. Alisoma namba kupitia kioo, moja baada ya nyingine, na kwa kila namba mzee aliitikia kwa kichwa. Ya kumi na moja ilipotoka sawa, Ndung'u alipiga makofi peke yake kama mtu aliyesahau kuwa yuko kanisani.

Kazi ya kulifungua kasha, kubadilisha pete na kulifunga ilichukua saa tatu. Hakuna aliyeondoka. Mongina alikuwa na faili nyingine nne kituoni na hakuwa na sababu yoyote ya kipolisi ya kukaa pale, akakaa. Alasiri, mvua ikianza, Tecla aliuchomeka waya. Alifumba macho, kisha akabonyeza.

Sauti ilianza chini, ikapanda, ikatulia. Sahani kumi na mbili zilikuwa zinazunguka mahali pa kumi. Tecla alitazama namba kwenye kompyuta kwa dakika nzima, wao wakimtazama yeye, halafu akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, na Mongina akajikuta amemkumbatia Kipkirui, jambo ambalo baadaye wote wawili walikubaliana halikutokea.

Mzee Bethwel alikuwa ameegemea kioo. Alikuwa analia bila kujificha.

"Kesho wakija," alimwambia Tecla alipotoka, "waambie pete zilikosewa mara ya kwanza. Waambie ni nani alikosea. Wasikie jina."

Tecla alivua kofia nyeupe, akamfuta machozi kwayo.

"Utawaambia mwenyewe, baba," alisema. "Saa tatu. Usichelewe."